Teunis ameondoka kabla ya shukrani

Huib upo? Kaka Teunis na baba wamewashiana moto mezani sasa hivi

"Mungu gani anampa mtoto wa miaka sita saratani ya damu?" Teunis huyo, anapiga kelele na viazi mdomoni

Baba: "Hakuna kinachotokea hivi hivi tu. Yote yanatoka mkononi mwake."

"Hata ugonjwa wa Jorieke?"

"Hata huo."

Huib, kasema HATA HUO. Mdogo wetu!!

Teunis akacheka kile kicheko chake kibaya. "Baba, huko juu hakuna mtu. Ni damu tu imeharibika, basi."

Unajua baba kajibu nini? Polepole kabisa: "Kama hakuna aliyemshika, mwanangu, mimi usiku nitalalaje?"

"Kwani mimi nalala?"

Baba akafungua Biblia kama kila tukimaliza kula. Teunis akasimama. Kabla ya sala ya shukrani, Huib! Kwetu hata mgeni hathubutu

Mama akamng'ang'ania shati: "Kaa baba, bado hatujashukuru."

"Shukuruni nyinyi. Mi naenda hospitali, Jorieke yuko peke yake."

Akatoka, akafunga mlango