Jina la Utani la Utotoni

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeambiwa mimi si mimi.

Nilikuwa nafua. Meseji ikaingia: Mpendwa mnufaika, thibitisha utambulisho wako kabla ya Jumatatu tarehe 17 ili uendelee kupokea fao lako la kukosa ajira. Mpendwa! Tangu kiwanda cha sare kifungwe Desemba na sote tugawiwe barua za aina moja, hakuna aliyeniita mpendwa isipokuwa mashine ya Mfuko wa hifadhi ya jamii.

Nikakausha mikono, nikafuata maelekezo. Namba ya kitambulisho—sawa. Picha ya uso—sogea kwenye mwanga, vua miwani, usikunje uso. Sikuukunja, ndivyo ulivyo! Mwishowe ikanikubali. Halafu likaja swali la siri: Jina lako la utani la utotoni ni lipi?

Nimeduwaa, simu mkononi. Mimi sina jina la utani. Nimeandika jina langu la kawaida, basi tu. Maandishi mekundu: Jibu si sahihi. Umebakiwa na majaribio mawili.

Ala! Kwa hiyo jibu sahihi lipo. Kuna mahali limeandikwa jina langu, na mwenyewe silijui. Nilipaswa kukasirika. Lakini nguo zimelowa hadi jioni, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nawaza: nani aliniita, na aliniitaje?

Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya Mfuko. Foleni tangu saa mbili, dirishani nimefika saa tano. Karani wa dirisha la nne ana kalamu tatu mfukoni, na zote tatu hazina wino. Nimemtazama akizijaribu moja moja kisha akizirudisha pale pale mfukoni. Kwa nini asizitupe?

Nimemuuliza maswali kumi na moja. La nane likamfanya avue miwani: Mama, anayehojiwa hapa ni wewe au mimi?

Nilichopata: jibu liliandikwa kwenye fomu siku nilipoandikishwa, miaka ishirini iliyopita. Baadaye likaingizwa kwenye kompyuta. Fomu zenyewe zimeshasagwa. Jibu halioni hata yeye, mashine inamwonyesha nyota tu, tena nyota sita kwa kila mtu. Nikikosea mara ya tatu, faili langu linakwenda kwenye kamati. Kamati inakaa lini? Akidi ikitimia. Inatimia lini? Akacheka cheko la mtu aliyechoka. Mara ya mwisho ilitimia Juni.

Fao limebaki miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu ndiyo iliyobaki binti yangu amalize chuo, awe fundi wa maabara. Likikatika sasa, anarudi nyumbani tukae tunatazamana. Nimeyaandika ili niyaone. Nimeyaona. Inatisha.

Alhamisi, 6 Machi

Binti kaja kuchukua nguo zake. Nimemweleza. Hakushangaa hata kidogo! Eti kila mtu ana jina la utani, wengine hawajaambiwa tu.

Wewe unaniitaje? Akatupia jicho simu yake. Nikamwambia alete simu. Akaificha nyuma. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuzaa. Akaleta. Hapo penye namba yangu pameandikwa Kamishna.

Kamishna! Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Yeye ndipo akapumua. Akaniuliza kwa upole, mama, tukilikosa hilo jina? Nikamfungia nguo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa mpiga pasi, yule mwenzangu wa kiwandani tuliyekula naye meza moja miaka yote. Sasa anapiga pasi nguo za watu nyumbani kwake, chumba kizima mvuke na mashati yananing'inia.

Sikuzunguka. Kiwandani mlikuwa mnaniitaje? Akaanza kukohoa. Mvuke, anasema. Mvuke wapi! Mwisho akatoa: Mama Rudisha.

Miaka ishirini nimekagua vifungo. Kila kifungo nakivuta mara mbili, kikilegea narudisha shati kwa mshonaji. Sasa ukague bila kurudisha, umekagua nini? Kumbe nikitokea mwisho wa mstari, mtu wa kwanza anagonga mkasi mezani, na ule mlio unapita hadi mwisho: Mama Rudisha anakuja. Na mimi nilikuwa nausikia ule mlio! Nilidhani mikasi inagongwa kutoa nyuzi.

Nimenuna kidogo, sifichi. Mpiga pasi akaniambia akutukanae hakuchagulii tusi, na lile wala halikuwa tusi, mashati yetu hayakuwahi kurudi kutoka dukani. Haya.

Lakini hilo ni la ukubwani. Nikamweleza habari ya fomu. Akaweka pasi chini. Fomu ya Mfuko? Wewe hukuijaza! Wiki yako ya kwanza walikuweka kwenye cherehani, sindano ikakupita kidole, mkono mzima bandeji. Aliyekujazia ni dada yako.

Dada. Alikuwa mkataji wa vitambaa, ndiye aliyeniingiza kiwandani. Ni kweli. Nimekumbuka na harufu ya dawa ya kidonda.

Nimerudi kwa miguu. Sitakwenda kwa dada.

Jumapili, 9 Machi

Badala yake nimekwenda kwa mjomba, kaka yake mama. Yeye ametulea nusu, lazima ajue. Sikio lake la kushoto limelala, kwa hiyo nimemkalia kulia na bado nimepiga kelele hadi jirani akachungulia.

Jina la utani? Hilo rahisi! Wewe ulikuwa Kwa Nini. Tulikuita hivyo sote. Kwa nini kuku hana meno, kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini mjomba huna mke. Akacheka peke yake muda mrefu. Nikamuuliza mara tatu kama ana hakika. Akaapa.

Furaha ikanipanda kichwani. Pale pale uani nimetoa simu nikaandika: Kwa Nini. Nikabonyeza.

Jibu si sahihi. Umebakiwa na jaribio moja.

Mjomba akauliza kama niliandika pamoja au mbalimbali. Mbalimbali, nikasema, ndivyo inavyoandikwa. Yeye akasema watu wengi wanaandika pamoja. Mjomba! Sasa ndiyo unaniambia?

Halafu akaniuliza, taratibu, kwa nini sijamuuliza dada yangu. Nikajifanya na mimi sikio limelala.

Jumatano, 12 Machi

Nimepiga simu Mfuko. Kapokea yule yule wa kalamu tatu, sauti naijua. Je, mashine inajali nafasi kati ya maneno? Inajali. Herufi kubwa na ndogo? Hizo haijali. Herufi moja ikizidi? Inajali, mama, inajali kila kitu.

Akaniuliza aliyejaza fomu yuko hai. Yuko. Yuko mbali? Mabasi mawili. Basi mama, akasema, mimi unanipigia wa nini?

Nimekata simu. Ana adabu, lakini anakera.

Ijumaa, 14 Machi

Niseme ukweli, hapa hasomi mtu.

Mama alipofariki, dada aligawa vitu vyake vyote kwa siku moja. Nilikuwa zamu. Nimetoka kazini nakuta chumba kitupu, kimefagiliwa, hata kitambaa cha kichwa hakuna. Nilimwambia dada maneno ambayo hata humu siyaandiki. Na yeye akanijibu moja tu: wewe ulikuwa unavuta vifungo, mimi nilikuwa namgeuza mama kitandani.

Lilikuwa kweli. Ndiyo maana nimelichukia miaka mitatu.

Leo nimekaa na simu mkononi, Kwanini kwa pamoja imekwisha kuandikwa. Kidole juu ya kitufe. Nikikosea ni kamati. Nimefuta. Kesho naenda. Siendi kuomba msamaha, naenda kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Jumamosi, 15 Machi

Niko kwa dada. Naandika mezani kwake. Daftari nimekuja nalo makusudi, aniandikie jibu herufi kwa herufi, nisirudie ya mjomba. Ngoja niyapange.

Nimebisha saa nne. Kafungua mwenyewe, miwani juu ya paji la uso. Kanenepa. Umekuja, anasema. Nimekuja. Akaniachia njia nikapita. Akabandika maji ya chai, mimi nikahesabu vifungo vya blauzi yake, kimoja kimelegea. Nimenyamaza. Nastahili nishani.

Nikaeleza yote: Mfuko, swali, majaribio mawili yaliyokwenda na maji, chuo cha binti. Nilitegemea aseme ehe, leo umenikumbuka. Hakusema. Alicheka! Eti serikali nzima imekaa inataka kujua jina lako la utani? Alicheka kile kicheko chake cha puani, na mimi nikacheka, sijui kwa nini.

Halafu akatulia. Anaikumbuka ile fomu. Maswali yalikuwa matano, unachagua moja. Mwalimu wako wa kwanza, sijui rangi uipendayo. Yeye akachagua hilo, akaandika mama alivyokuwa akiniita.

Nikamwambia mama hakuwahi kuniita jina la utani.

Dada akasema: hukuwa unasikia. Ulikuwa umelala.

Akasimulia huku anamimina chai. Kwamba nilikuwa siishi kusema, kuanzia macho yakifunguka. Nauliza, nafuata, navuta nguo. Mama akifua nauliza, akipika nauliza. Usingizi ukinichukua ndipo mama anakaa chini, ananyoosha miguu, anasema: Afadhali. Kila siku. Mpaka likawa jina. Mfunike Afadhali miguu. Msimwamshe Afadhali. Afadhali wangu leo kachoka. Asubuhi nikiamka linawekwa, naitwa jina langu la watu wote.

Chai ikanipalia.

Dada hakumaliza. Alikuwa anatazama kikombe. Akasema mwisho mwisho pale kitandani, mama akili ikija ikienda, kila jioni aliuliza swali lile lile: Afadhali katoka kazini? Dada anamjibu bado. Nilipokuwa nafika mimi, mama keshalala. Hilo nilipaswa kukuambia siku ile ile, anasema. Lakini nilikuwa na hasira na wewe, nikaliweka.

Nimelia. Si machozi ya kupangusa na kidole, nimelia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, na dada akanishika shingo kwa nyuma kama zamani. Miaka mitatu nimemnunia kwa kitambaa cha kichwa!

Tumetulia. Nikatoa simu, nikafungua ukurasa. A, f, a, d—

Ngoja! Dada kanidaka mkono. Siku zile alikuwa akiandika z. Z? Afazali. Mama alitamka hivyo, na yeye aliandika alivyosikia. Nikamuuliza, kwa hiyo uliandika z? Hajui. Ilikuwa fomu ya ofisi, huenda alijitahidi akaweka dh. Huenda aliniuliza mimi.

Hakuniuliza. Angeniuliza, ningemuuliza kwa nini anauliza, na jina langu ningelijua miaka ishirini iliyopita. Dada anakubali, hiyo ni hoja.

Sasa tumebishana nusu saa. Mimi nasema dh, kwa sababu ndiyo sahihi. Dada anasema sahihi ya nani? Mashine haitaki sahihi, inataka kile alichokiandika yeye. Kweli kabisa. Kila mmoja kageuka: mimi nikasema basi z, yeye akasema lakini karani aliyepokea fomu alikuwa mkali, labda dh. Herufi mbili au moja. Chuo cha binti kimekaa hapo. Na si chuo tu, niseme. Mashine ikikataa nitaanza kujiuliza kama mama alilisema kweli, au dada kanionea huruma tu. Najijua. Nitauliza mpaka nitaliharibu.

Dada kaingia chumbani kutafuta barua zake za zamani, aone siku zile alikuwa akiandikaje. Kanikataza nisibonyeze. Simu iko hapa mezani, d nimeifuta, imebaki Afa. Juu pameandikwa ukurasa utajifunga baada ya dakika tisa. Nane.

Namsikia anavuta kitu kizito juu ya kabati. Kinakwama. Ananiita nikamshikie.

Afazali! Njoo basi!

Nimeitika abee, na nimeshasimama, kabla sijatambua kwamba anayeitwa ni mimi.