Ndiyo ya Zakaria

Jumapili, 8 Juni 1986
Uji umemwagika tena shingoni. Nimemfuta, nimembadilisha shati, tumekwenda kanisani. Mkono wa kulia haujarudi. Ulimi ndio kabisa. Tangu Feliksi, mdogo wake wa tumbo moja, ampige mpini wa jembe kichwani kule kwenye mpaka wa shamba lake na letu, mume wangu ana neno moja tu: ndiyo. Njaa, ndiyo. Maumivu, ndiyo. Hataki uji, ndiyo, na kikombe kinapasukia ukutani.

Leo wimbo wa pili ulipoanza, Zakaria akaimba. Beti zote, maneno yote. Nililia mbele za watu. Feliksi alikuwa benchi la nyuma, akacheka. Nilitamani kumng'oa koo.

Jumanne, 10 Juni
Sasa kijiji kizima kinasema anajifanya. Kama anaimba, kusema kunamshinda nini? Feliksi ndiye anayeeneza. Eti Zakaria alianguka mwenyewe, tena alikwisha kumuuzia kipande cha chini cha kibanja, chenye mibuni. Milamula, ile miti ya kuonyesha mpaka, ameing'oa na kutandaza nyasi juu. Mimi nilikuja hapa kuolewa, sikuiona ikipandwa. Aliyeiona ni mama mkwe. Nikimuuliza, anaendelea kumenya ndizi zake.

Kahawa ile ndiyo inayosomesha wanangu. Wazee wa baraza wanakaa Ijumaa.

Ijumaa, 13 Juni
Mwenyekiti amemuuliza mbele ya watu: "Zakaria, kweli ulimuuzia mdogo wako?" Akasema ndiyo. Kichwa kinatikisika kukataa, mishipa imemtoka, mdomo unasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikapiga kelele kwamba ile si ndiyo. Nikaambiwa nikae chini.

Zakaria akainua kiti kwa mkono wa kushoto, akamvunjia Feliksi begani. Wana wa Feliksi wakamwangusha, wakamkanyaga. Ongea basi! Ongea! Damu puani, damu masikioni. Nilimng'ata mmoja wao mkono hadi akaachia. Shauri limeahirishwa mpaka kahawa ivunwe. Wazee watakuja shambani kwenyewe.

Nawachukia wote.

Jumamosi, 21 Juni
Mama mkwe ametupeleka Nkwenda kwa fundi redio. Anaamsha ubongo kwa betri ya gari, ndivyo wanavyosema sokoni. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikakubali. Vitambaa viwili vya maji ya chumvi, kimoja kipajini upande wa kushoto, nyaya, betri. Zakaria akanguruma, akapiga teke meza, redio za watu zikatapakaa chini. Ngozi imebabuka. Fundi akamuuliza kama anajisikia vizuri. Ndiyo! Fundi akatabasamu. Nilimzaba kofi.

Mama mkwe kalia njia nzima. Anasema wote wawili amewazaa yeye. Sikumhurumia.

Jumatano, 25 Juni
Hospitali ya misheni. Sista kasafisha kidonda huku ananigombeza, na nilistahili. Kisha akaeleza. Pigo limeumiza sehemu ya ubongo inayotunga maneno. Nyimbo zina njia nyingine. Hajifanyi. Ile ndiyo inatoka yenyewe. Nilimuuliza kuhusu umeme. Akasema labda siku moja wenye elimu yake watajua kuutumia, lakini si kwa betri ya gari.

Amenifundisha: shika mkono wake wa kushoto, gonga, imba neno fupi, naye afuate.

Jumanne, 15 Julai
Tunachuma kahawa tukigonga debe. Sauti ya kanisani, maneno ya jikoni. Ma-ji. Chu-mvi. Jana alikwama, akanirushia debe, jicho limevimba. Nikamtandika kwa ufagio. Tukakaa chini ya mibuni tukilia, kisha tukagonga tena.

Ninalolitaka ni moja. Si-ku-u-za. Anafika si-ku, halafu anajipiga ngumi kichwani, palepale penye kovu.

Jumamosi, 9 Agosti
Wazee wamekuja. Mwenyekiti akauliza vilevile. Zakaria akasema ndiyo. Feliksi akapiga makofi.

Nikamshika mkono, nikaugonga kwenye debe. Sikuimba. Akaimba yeye, kwa sauti ya ule wimbo wa pili. Si-ku-u-za.

Feliksi akasema nimemfundisha kama kasuku. Wazee wawili wakaitikia kwa kichwa. Zakaria akaimba tena, kwa nguvu. Feliksi akalipiga teke debe, akampiga kibao cha mdomo. Akaimba. Akampiga ngumi. Akaimba, meno yamejaa damu, mkono ukigonga paja lake mwenyewe. Feliksi akaokota mpini.

Mama mkwe akapita katikati yao. Akatembea hadi chini kabisa ya mibuni, akafukua nyasi kwa mguu.

"Yatosha, waitu, wanangu. Mpaka ni hapa niliposimama. Miche niliishika mimi, baba yenu akichimba."

Wakachimba. Mizizi ya milamula ilikuwapo, mingine imeanza kuchipua. Feliksi alimtukana mama yake matusi ambayo siyaandiki. Mgambo waliokuja na wazee wamemfunga kamba, wakaondoka naye.

Jumapili, 10 Agosti
Hatukwenda kanisani. Mdomo wa Zakaria umevimba. Mama mkwe amelala kwetu, hajala.

Nimepika uji. Nimemuuliza Zakaria kama anautaka. Ndiyo. Nikamwekea kikombe mbele, nikasogea mbali na ukuta.

Ameunywa wote.