Kitabu Ulichokataa Kufungia Njugu

Mpendwa mama,

Leo nimepita Makadara, nje ya korti, pale ulipokuwa ukiuza njugu. Yuko mwanamke mwingine sasa, naye anafungia njugu kwa karatasi za vitabu. Nilinunua, nikasoma karatasi kabla sijala. Si unanijua.

Unakumbuka vile vitabu vikuukuu ulivyonunua soko la Gikomba kwa kilo? Hukujua kusoma wakati huo, lakini maoni kuhusu vitabu ulikuwa nayo tele. "Kitabu kizuri ni kile hakipitishi mafuta," ulikuwa ukisema. Ulichana kurasa kuanzia nyuma, jalada la mbele likibaki kuzuia vumbi. Nikitoka shule nilikaa kando yako nikisoma kuanzia mbele, mbio mbio, mpaka tukakutana katikati. Nimekua bila kujua hadithi zinavyoisha. Nikilia, uliniambia, "Tunga mwisho wako, unyamaze."

Kisha akaja yule bwana aliyengoja kesi ya shamba. Alikula njugu zake, akaondoka, akarudi na karatasi mkononi. Ulimkatiza kabla hajafungua mdomo: "Njugu ni zilezile, baba. Sijakupunja."

"Si njugu, mama. Nataka karatasi inayofuata. Huyu msichana amefungiwa kwa nyumba, na sijui kama alitoka."

Inayofuata ilikuwa imeshauzwa. Yule bwana alisikitika kweli, nawe ukanigeukia. "Kwani kuna nini humo ndani?" Nikamsomea kurasa za mbele zilizobaki, ukasikiliza mpaka ukasahau kuita wateja.

Haukupita muda ukajiandikisha ngumbaru, masomo ya watu wazima, ukaenda siku ya kwanza umevaa nguo ya kanisani. Mama, nilijivunia wewe! Ulipoweza kusoma, ulichagua kitabu kimoja kutoka kwenye zile kilo, ukakataa kukifungia njugu. Ulikisoma kwa kidole na kwa sauti, ukigombana na aliyekiandika. "Anaongea sana huyu! Si aseme tu mvua imenyesha?" Mpaka leo naruka kurasa za mvua, na sijakosa kitu. Na kipimo changu cha kitabu ni yule bwana wa korti: kama hakinifanyi nirudi kuulizia ukurasa unaofuata, sikihangaikii.

Ukaugua ukiwa katikati ya kitabu chako. Uliweka alama kwa karatasi ya njugu, nayo ipo palepale. Tangu tukuzike sijaweza kuendelea. Niliogopa kwamba nikikimaliza, nitakuwa nimemaliza jambo la mwisho lililokuwa letu sisi wawili.

Lakini wiki hii wenzako wa ngumbaru wamenishika Kariokor, nikiwa najaribu viatu. Hata salamu hawakumaliza. "Wewe, hebu tuambie, yule mama wa kwa kitabu alimpata mtoto wake?" Kumbe ulikuwa ukiwasimulia, ukawaacha njia panda! Nilicheka pale sokoni, mara yangu ya kwanza kucheka hivyo tangu uondoke.

Jumamosi nitawasomea darasani, kuanzia kwenye karatasi yako ya njugu. Nitasoma hata mvua, kwa ajili yako. Nimekagua kurasa za nyuma, mama. Zipo zote.

Lala salama. Nitakuja kukuambia kama alimpata.

Ni mimi,
kitindamimba wako