Kulegeza Nyuzi kwa Ajili ya Dada Neema

Jumapili, 17 Februari 2013

Miaka sita na miezi mitatu tangu nitoke Kigoma kuja huku kusini. Ibada imekwisha saa saba. Nimefua ovaroli, nimeianika dirishani, nimekula mkate na chai. Mgongo unauma. Wiki nzima tumebeba mabomba ya chuma kutoka kwenye lori hadi ghorofani.

Leo kanisani tumechekwa. Ni watoto na akina mama wawili tu, lakini niliwasikia. Dada Neema alipoingia kwenye pambio la pili gita langu lilianza kugongagonga kama sahani ndani ya beseni. Kosa si lake. Kosa ni la gita.

Niliandike vizuri. Dada Neema alipasuliwa rovu mwezi wa kumi. Alipona, Mungu ashukuriwe, ila sauti ilirudi imeshuka. Zamani alipanda juu hata wapita njia wakasimama. Sasa anaimba chini kabisa, na mimi naona ni nzuri kuliko ya kwanza. Ili nimfuate, nililegeza nyuzi zote hatua nne, na ule uzi mnene nikaushusha hatua mbili zaidi. Aliyesoma muziki angesema, hamieni tu ufunguo mwingine. Sisi hatukusoma. Nyimbo zetu zinakaa vidoleni, kila moja na mahali pake kwenye shingo ya gita. Ukinihamisha nimepotea. Kwa hiyo vidole vinabaki palepale, nyuzi ndizo zinashuka. Kinanda kina kitufe cha kushusha. Gita halina.

Na hili letu ni la rahisi, shingo fupi, nyuzi nyembamba. Ukilegeza, linakuwa kamba ya kuanikia nguo.

Jumatano, 20 Februari

Mzee Zakaria amenifuata kazini, hapa Jeppestown, akasimama getini na kofia mkononi. Ni Mrundi, mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Habari njema: michango imetimia, tunanunua gita jipya la umeme. Nichague mimi.

"Kijana, wewe ndiye fundi wa magita."

Nina miaka arobaini na moja.

Kisha la pili akalisema huku anatazama viatu vyake. Clarisse, binti wa kwaya, ana sauti ya juu, safi. Dada Neema ametumika vya kutosha. Anaweza kukaa mbele na akina mama, aheshimiwe. Pasaka tutakuwa na wageni wa makanisa mengine, hatutaki kuchekwa tena. Ninunue gita linaloendana na mwimbaji.

Nikauliza, mwimbaji yupi?

"Utaona mwenyewe."

Mwoga. Kamati nzima ni waoga. Gita la nyuzi za kawaida, Clarisse anaimba. Gita la nyuzi za chini, dada Neema anaimba. Gita moja, mpigaji mmoja. Hawakutaka kumwambia mama wa watu apumzike, wakanituma mimi dukani nikamwambie.

Alhamisi, 21 Februari

Nimeangusha bomba. Kidogo liponde mguu wa Mzulu ninayefanya naye kazi. Alinitukana vizuri, halafu mchana akanipa nusu ya andazi lake. "Eish, baba, leo uko wapi?"

Niko kwenye gita.

Jumamosi, 23 Februari

Nimekwenda Fordsburg. Bwana Yusuf ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapahapa. Anauza vyombo vya muziki vilivyotumika, juu ya duka la vitambaa. Anakuacha ujaribu mpaka uchoke, mradi umenawa mikono. Alikagua mikono yangu mara mbili.

Kuna gita moja rangi ya maziwa. Jepesi. Nililipiga na mwili wote ukasisimka. Ni sauti ileile niliyoisikia utotoni kwenye redio za ng'ambo ya ziwa, magita yanayochekacheka, kila uzi unasikika peke yake. Niliacha shule darasa la sita, lakini sauti ile niliifuata miaka yote. Nilimaliza karibu saa nzima. Bwana Yusuf alikula chakula chake cha mchana, akaosha sahani, mimi bado.

Ningeweza kulichukua leo. Hakuna ambaye angenilaumu. Kamati ingenipigia makofi.

Halafu nikalishusha kama tunavyopigia dada Neema. Nyuzi zikalala. Tukafunga nyuzi nene, shingo ikaanza kupinda. Na pikapu zake, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazoshika sauti, ni za koili moja moja. Chini ya taa za tyubu zinavuma kama nyuki. Kanisani kwetu kuna tyubu sita.

Bwana Yusuf alinitazama akasema, "Ndugu, unampakia mbuzi saruji."

Akashusha jingine ukutani. Jeusi, lina pembe mbili, na fuvu limechorwa. Ni la wale vijana wanaopiga makelele na kufuga nywele. Shingo ndefu kuliko kawaida kiasi cha vidole viwili, nyuzi nene. Nikalishusha. Likasimama imara kama nguzo.

Nikamwambia ni la kanisa. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Jumapili, 24 Februari

Leo sikupiga. Nilisema kidole kinauma. Uongo, na ndani ya kanisa.

Baadaye nimekwenda saluni kwa dada Neema, nikamwambia yote. Sijui kumficha kitu. Ni Mkongo wa Uvira, hatukuzaliwa pamoja, lakini nilipofika mji huu sina hata blanketi yeye ndiye aliniweka kwenye godoro la mwanawe miezi miwili, akanilisha, akaniambia nani nimwogope na nani nisimwogope. Anaitwa dada kanisani. Kwangu ni dada kweli, naye huniita kwa jina la mji wangu.

Alinisikiliza huku anasuka mtu. Hakuinua kichwa.

"Nunua ile nyepesi, Kigoma. Ya Clarisse. Mimi sauti yangu iko ya mwanaume sasa. Kwenye simu watu wananiita papa, kama baba mtu."

Yule mteja akacheka. Dada akacheka. Nami nikacheka. Kisha nikaona mikono yake imesimama kwenye zile nywele.

Namchukia Mzee Zakaria. Kesho nitaacha kumchukia.

Jumamosi, 2 Machi

Bwana Yusuf amenitafutia jingine. La kahawia, mwili wa kawaida, halina pembe, halina fuvu. Shingo ndefu ileile. Ni zito, bega langu lililala. Lakini mimi ni mtu wa mabomba.

Nimelishusha. Nyuzi zimekaza. Uzi mnene nikiugonga unaingia tumboni.

Tatizo ni pikapu. Mwenye nalo wa kwanza aliweka kali mno, za makelele. Uzi mmoja, sawa. Nyuzi nne pamoja chini kule, uji. Husikii kidole kipi kimefanya nini. Nilikata tamaa. Bwana Yusuf akasema kali si dawa, huko chini unahitaji pikapu ya koili mbili, isivume, lakini iliyo pole. Hilo nililielewa mara moja. Kazini ukiweka moto mwingi kwenye bati jembamba hauungi, unatoboa.

Anazo mbili kwenye droo. Atazifunga. Nirudi wiki ijayo. Hakuniuliza kama nimeamua.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Hakuna kazi ya nje. Nimefagia karakana mara tatu. Nafikiria lile la maziwa. Nisijidanganye, nalitaka. Ninalitaka kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Clarisse wala kanisa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimechukua la kahawia.

Bwana Yusuf alifunga zile pikapu nikiwa nimesimama pale, akalichomeka, akanipa. Nikapiga pambio la pili, lile tulilochekewa. Uzi wa chini mzito, na juu yake nasikia kila kidole. Halichekicheki kama lile jingine. Linazungumza kama mtu mzima.

Lile la maziwa lilikuwa ukutani. Sikulitazama nikitoka. Basi, nililitazama.

Jumapili, 10 Machi

Siku mbaya.

Nimelifungua kanisani mbele ya kamati. Mzee Zakaria alipiga uzi mmoja, akasikia lilivyo chini, akajua. Alilirudisha kwenye mfuko taratibu. Nilidhani huyo ndiye wa kumwogopa.

Dada Neema alinivuta nje hadi ngazini.

"Nilikuambia nini?"

Nikasema nilisikia, lakini.

"Hakuna lakini. Sasa watu wote watasema mimi ndiye nilikutuma. Mama mzee anang'ang'ania kiti, anamnyima mtoto nafasi. Nani alikuomba, Kigoma? Ile kiti nilikuwa nimeiacha mwenyewe, kwa heshima yangu. Umenirudisha hapo kwa nguvu."

Akashuka ngazi. Hakuja kunywa chai.

Sikufikiria hilo. Nilifikiri ninampa zawadi. Sikumuuliza mwenye koo.

Jumapili, 17 Machi

Hakuja. Wala mazoezi ya Jumamosi hakuja. Simu hapokei.

Clarisse amejaribu kuimba na gita jipya. Huko chini sauti yake inazama, unaona midomo inatembea tu. Nikajaribu kukaza nyuzi zimfuate, uzi mnene ukakatika ukanichapa shavuni. Mzee Zakaria alifunga macho kama anaomba. Pasaka imebaki wiki mbili. Sina gita la huyu na sina mwimbaji wa hili.

Clarisse alinisaidia kukunja nyaya. Akasema polepole, "Kaka, mimi huko siendi. Huko ni kwa yaya Neema." Kwao yaya ni dada mkubwa. Ana miaka kumi na tisa. Ana akili kuliko kamati. Kuliko mimi pia.

Alhamisi, 21 Machi

Sikukuu ya serikali, karakana imefungwa. Nimekwenda saluni na gita, bila spika. Nimekaa kwenye kiti cha wateja karibu na mlango. Dada Neema anasuka. Kanitazama kwenye kioo, akaendelea.

Nilikwenda kuomba msamaha. Nikaomba. Nikasema nilifanya jambo kubwa juu yako bila kukuuliza, nimekosa, na ukisema nilirudishe Fordsburg nalirudisha leo, Bwana Yusuf atalipokea.

Drya ya kukaushia nywele inanguruma.

Nikaanza kupiga. Gita la umeme bila spika ni mbu tu, lakini hili, kwa kuwa zito na nyuzi nene, ukiwa karibu unalisikia. Nilipiga lile pambio. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili drya ikazimwa. Mteja aliyekuwa chini yake alilalamika kichwa chake kibichi. Mara ya tatu dada Neema akaanza kuvumisha kwa mdomo uliofungwa, mikono bado inasuka. Sauti yake ikaketi juu ya ule uzi mnene kama mtu anayekaa kwenye kiti chake.

Hakujua anaimba. Au alijua. Alikwenda hadi mwisho wa ubeti.

Yule anayesukwa akasema, "Mama, ile sauti uliificha wapi?"

Dada Neema akamwambia anyamaze, anaharibu mstari. Halafu kwangu, bila kugeuka: "Sikutaka kuimba mahali sauti yangu inachekwa. Hiyo tu. Si kiti."

"Najua sasa."

"Haujui kitu. Piga tena. Na pale mwisho usikimbie, uko unakimbia kama mtu ameiba."

Nilikuwa nakimbia kweli.

Jumamosi, 23 Machi

Mazoezi. Amekuja, amechelewa, ameleta maandazi. Kabla ya yote alisimama mbele ya kamati akasema hakumtuma mtu dukani, na kwamba ataimba kwa kuwa anataka kuimba, na siku akichoka atasema kwa mdomo wake mwenyewe, wasimtumie gita. Mzee Zakaria alikohoa. Akasema ni hivyo, mama, ni hivyo.

Clarisse anachukua sauti ya pili, juu. Chini mmoja, juu mwingine. Nyimbo mbili tu. Zilizobaki ni za dada peke yake.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Wageni walijaa hadi ngazini. Taa zote sita zimewaka, gita halikuvuma. Dada Neema alisahau ubeti mmoja, akarudia wa kwanza, hakuna aliyejua. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja mgeni alilia, akalia kabisa, akasaidiwa kukaa.

Mzee Zakaria anawaambia wageni kwamba yeye ndiye alinishauri gita hili. Mwache.

Bega linauma. Nimefurahi.

Jumatatu, 1 Aprili

Mapumziko. Nimekula kwa dada Neema, ugali na samaki. Amenipikia mara nyingi lakini leo alinipa kichwa cha samaki, kile anachompa mgeni. Mwanawe, anayemjibu kwa Kiingereza kila akiulizwa kwa Kiswahili, alikuwa ndani anatazama televisheni. Tulikaa uani. Kuna jua la baridi.

Nilimwambia kile nilichomwandikia mke wangu kule Kigoma wiki iliyopita, kwamba mwisho wa mwaka narudi nyumbani moja kwa moja. Aliuliza tu mke wangu anapenda kitenge cha rangi gani. Kisha akauliza nani atabaki na gita. Nikasema ni la kanisa. Nitamfundisha mpiga kinanda vidole vyote, wimbo mmoja mmoja, hatuna haraka.

"Anacho kidole kigumu, yule?"

"Hana. Atakipata."

Akaguna, chini kule.

Karakana inafungwa katikati ya Desemba. Nitapanda basi la kwanza baada ya hapo, na Krismasi, Mungu akipenda, nitakuwa Kigoma. Jumapili zote kabla ya hapo nipo.