Vidumu vya Maji ya Akiba

Mkwe wangu,

~~Hivyo vidumu virudishe dukani.~~ Usivirudishe.

Asubuhi nilikusema mbele ya watoto kwamba maji ya akiba ya mafuriko hayawekwi kwenye vidumu vya kuchezea. Ukaondoka bila kunywa chai. Baadaye nikajaribu kunyanyua dumu letu kubwa, likagoma kabisa. Kidumu chako nimekipandisha juu ya kabati mwenyewe. Kumbe uliwaza siku mafuriko yatakaponikuta peke yangu nyumbani! Hata maharage ya kopo umenichagulia laini.

Nimekwenda kliniki. Makopo yapange juu, pamoja na maji. Biskuti za akiba zisiguswe, hata hao wajukuu wangu wakikulilia.

Jioni nitakuomba radhi mbele yao hao hao. Wewe usicheke tu, baba.

Bibi