Saa Nane Hadi Saa Kumi: Dada

Husby, Jumapili jioni, mwisho wa Agosti. Manyunyu tangu asubuhi. Mvua yenyewe haina hata ari ya kunyesha. Wenyeji wanaita hiki kiangazi, na wanakiita hivyo bila kucheka.

Leo ni siku yangu ya tatu Stockholm. Nina miaka arobaini na tisa, magoti ya mtu wa sitini, na kuanzia kesho ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Kwa miaka ishirini na mbili nimewafundisha watoto wa Kondoa jiografia, nikiigonga Skandinavia ukutani kwa fimbo kana kwamba ni shamba la baba yangu. Sasa nimesimama juu ya ramani yenyewe, na sioni kilichonifanya niigonge kwa heshima vile.

Mji ni safi, hilo nakubali. Hata makaburi ni safi.

Lakini ugomvi wangu mkubwa wikiendi hii ulikuwa na friji.

Mdogo wangu Rehema, niliyembeba mgongoni mpaka akakataa kutembea, anaishi hapa Husby mwaka wa kumi na saba. Anahudumia wazee kwenye makao yao. Miezi mitatu amenipigia simu kunionya: "Usithubutu kwenda hosteli. Dada yangu alale kwa watu nami nipo?" Chuo kilikuwa kimenitengea chumba, na mwisho wa kujibu kama nakitaka ni leo. Nilipanda ndege nimeshaamua kukiacha.

Jumamosi asubuhi nikafuata maziwa, na kwenye mlango wa friji nikakuta kalenda. Kila mtu ana wino wake. Shemeji yangu, dereva wa lori ambaye yuko safarini hadi Jumanne, ni bluu. Naima, binti yao wa miaka kumi na mmoja, ni nyekundu: mpira, kuogelea, mpira tena. Zamu za Rehema ni nyeusi, na saa za kufua ni nyeusi pia, maana jengo zima lina chumba kimoja cha kufulia na watu huandikishana kama wanaposa. Na hapo Jumamosi, kati ya kufua na zamu ya jioni, kwa kijani: "14–16 Dada."

Saa nane hadi saa kumi. Dada.

Nilisoma mara tatu. Nimevuka mabara mawili kumwona mtoto niliyemtafunia nyama, na amenipangia saa mbili, kama mgonjwa wa sukari kwenye kliniki. Afadhali hata mgonjwa wa kliniki, yeye hupewa daftari.

Rehema alikuwa ameshashuka kufua. Nikaamua kumfundisha adabu. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nitoke, nizunguke mjini, nirudi nimechelewa nusu saa. Nusu saa tu, ile ya wakubwa. Naijua vizuri, wageni rasmi wametufanyia hivyo kila mahafali, sisi tukasimama juani na bado tukawapigia makofi.

Nikamwambia Naima, "Mwambie mama nimetoka kidogo."

Akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyowajibu wote humu ndani. Mimi nikaelewa vidole viwili tu alivyoniinulia, saa mbili ya kwao, kisha akajilazimisha: "Saa nane, mama mkubwa. Saa nane!"

"Nimesikia," nikasema, nikaondoka.

Mjini nikapata nilichokuwa nakitafuta, yaani sababu za kudharau. Jua lilichungulia kidogo, na watu wazima wakaketi kwenye ngazi za mawe, nyuso juu, macho wamefumba, midomo wamefunga, kama dagaa walioanikwa. Watoto wachanga wamelazwa nje ya mikahawa kwenye vigari vyao, mama zao wako ndani wanakunywa kahawa. Kwenye lifti ya duka moja kubwa nikasalimia watu wanne. Wawili wakatazama simu, mmoja viatu, na wa nne akashuka ghorofa ya kwanza, nami nina hakika hakuwa anakwenda ghorofa ya kwanza. Nikanunua andazi lao la mdalasini. Nikalidharau sana. Nikaagiza la pili.

Nilipanda treni ya chini ya ardhi kwa wakati uliopangwa, nikiwa na ile nusu saa yangu mkononi. Njia ya bluu, nikaketi kwa kujiamini, nikashuka kituo nilichodhani ni chetu, na juu nikakuta maghorofa kama yale ya Husby. Nikatembea mpaka jengo lenye namba ya Rehema, nikabonyeza tarakimu za mlangoni. Mlango ukakataa. Nikabonyeza tena. Nikauambia ule mlango ninavyoufikiria, kwa Kirangi, lugha ya kwetu, maana Kiswahili hakikutosha.

"Mama, unatafuta nani?"

Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mifuko miwili ya sokoni. Nilivyosikia Kiswahili nilitaka kumkumbatia. Nikajizuia, nikamwambia natafuta kwa mdogo wangu, ni hapahapa Husby.

"Hapa ni Tensta, mama." Akanitazama kama tunavyomtazama kuku aliyenyeshewa. "Ulipanda ya Hjulsta. Ile njia inagawanyikaka. Rudia mpaka Västra skogen, ushuke, upande ya Akalla. Pole, eh. Sisi wote tulipoteaka."

Alikuwa Mkongo wa Bukavu, na alinisindikiza mpaka kituoni amenishika kiwiko, mifuko yote miwili kwenye mkono mwingine. Njiani akaniuliza kwetu nafanya kazi gani. Nikasema nafundisha. Akauliza nafundisha nini.

Nikasema, mambo mbalimbali.

Simu yangu ilikuwa bado haina laini ya hapa, kwa hiyo sikuweza kumwambia mtu yeyote niko wapi, na kusema kweli jina la mahali penyewe nisingeweza kulitamka. Nilifika kwa Rehema saa kumi na robo. Alikuwa ameshatoka kwenda kazini.

Mezani kulikuwa na ugali wa mtama uliopoa na mlenda, ule mlenda mkavu niliomletea mwenyewe juzi. Sahani mbili. Zote mbili safi.

Naima aliketi pale akinisubiri, na safari hii alikitafuta Kiswahili neno moja moja. "Mama alikaa hapa. Hakula. Alisema, dada anakuja." Halafu akanivuta mpaka kwenye friji na kuanza kufunua kalenda kurudi nyuma. Julai. Juni. Mei. Mpaka Januari. "Kijani ni ya Mama. Ya Mama peke yake. Tafuta."

Nikatafuta. Miezi minane ya wino mweusi, bluu na nyekundu. Kijani kingine hakuna, hata nukta.

"Alibadilishana na mwenzake," Naima akasema. "Kwa hiyo kesho anafanya zamu mbili."

Nikakaa chini.

Nimetumia karatasi nyingi hapo juu kuwadharau watu wasionidai chochote, wenye jua lao na watoto wao na lifti yao. Ngoja niwe mkweli: mtu wa kudharauliwa Jumamosi ile alikuwa mmoja tu, na alikuwa na sukari ya andazi kwenye kola. Nikala ule ugali wa baridi wote. Rehema aliporudi nilijifanya nimelala. Mtu mzima kabisa, nakoroma kwa kuigiza.

Leo alfajiri nikamsikia bafuni. Nikaamka, nikavaa koti.

"Unakwenda wapi saa hizi?"

"Nakusindikiza."

Kazini kwake ni mwendo wa dakika ishirini na tano kuelekea Kista. Tulitembea kwenye manyunyu. Kwetu mkubwa haombi radhi. Mkubwa hukohoa, hubadilisha mazungumzo, au hutuma kuku. Kuku sikuwa naye.

"Rehema, jana nilikosea."

"Kwa makusudi?"

"Nusu saa ya kwanza, ndiyo. Iliyobaki nilikuwa Tensta."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya taa. "Mwalimu wa jiografia!"

"Nyamaza."

"Niache niwapigie Kondoa nzima!"

"Rehema, mimi ni mkubwa wako."

"Na ulipokuwa Tensta ulikuwa mkubwa wa nani?"

Nilipopata nafasi nikamwambia nilichokesha nakipanga: hosteli siitaki, nitakaa kwake, nitapika, nitafua, nitamwangalia Naima, yeye apumzike. Akaacha kucheka. Akasimama.

"Dada, chukua kile chumba."

Nikauliza, "Unanifukuza?"

"Ukikaa kwangu utakuwa kazi nyingine. Nitarudi nimechoka, nikukute umenisubiri, nianze kukutunza na wewe. Sitaki." Akanifunga kifungo cha koti, kile cha juu, kama anavyowafunga wazee wake. "Miaka kumi na saba hapa sina nyumba hata moja ya kupiga hodi bila kuambiwa subiri tuangalie tarehe. Chukua chumba. Nitakuja na viatu vyangu vya kazi, nilale, na usiniulize kitu."

"Na kina Naima, ukija kulala kwangu?"

"Wana friji."

Nikasema nitafikiria, kwa ile sauti ya ukubwa. Akaingia kwa mlango wa wafanyakazi bila kugeuka, na sijamwona tena hadi sasa ninapoandika.

Sasa hivi nimetuma jibu: chumba nakitaka. Barua yao inasema kitanda ni cha mtu mmoja na wageni wapokelewe kwa utaratibu. Waendelee kuandika. Kesho nina kipindi saa tatu asubuhi, kisha nakwenda kutafuta mito ya kulalia. Nasikia mito ya huku ni myembamba kama chapati ya mgahawani. Basi nitanunua miwili, yote ya Rehema. Mimi nitakunja koti.