Zambarau za Chini

Lipangalala, Jumapili jioni, Januari 1955

Nimekasirika, na wa kumkasirikia simpati.

Veronika ana mimba changa, na tangu juzi chakula hakikai tumboni. Leo akatamani zambarau mwitu. Nikamwambia, "Mume wako amekula tufaa la Mzungu Dar es Salaam, zambarau zitamshinda?" Nikapanda baiskeli, nikashika njia ya Mofu.

Mti niliujua kwa mbali, chini pote peusi. Zilizoanguka nilizila mwenyewe papo hapo, tamu mpaka nikafumba macho. Lakini mke wa mtu kama mimi hali vya kuokota. Nikapanda juu, nikamchumia za tawini, safi, zinang'aa, kikapu tele.

Veronika aliuma moja akatema. "Chungu, baba."

Mama mkwe yuko hapa kumwuguza, na mila haituruhusu kusemeshana. Basi akamgeukia kuku mlangoni: "Wewe kuku, zambarau ikiiva huanguka yenyewe. Ningesema asubuhi, lakini ningemwambia nani?"

Nami nikamwambia kuku yuleyule, "Asubuhi si ulikuwepo? Mbona hukuja kuniambia?"

Veronika akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Kisha akaniangalia mdomoni.

"Mbona ulimi wako mweusi?"

Nikaupangusa mdomo kwa mkono wa shati.

Amelala sasa, kaweka mkono tumboni kama anayelibembeleza. Hajala kitu. Aliyeshiba ni mimi.